Mumbua Hafungi Duka

Kila asubuhi Mumbua alifungua duka lake la vipuri vya baisikeli sokoni Masii. Alitundika tairi nje, akafuta vumbi kwenye viti na taa za baisikeli, kisha akaketi kungojea wateja. Mwaka huo wa 2009 alingojea mpaka akachoka. Vijana wa bodaboda za baisikeli walimpungia mkono tu, wakapita.

Siku moja Wambua aliingia na futi ya kupimia. Wambua alikuwa kinyozi aliyefanyia kazi barazani, na chumba cha duka hilo alikuwa anakimezea mate tangu zamani. Alianza kupima ukuta bila hata salamu.

"Mama, unafunga lini?" aliuliza. "Watu siku hizi wananunua kwa kompyuta."

"Mimi sifungi," Mumbua alisema. "Toka na futi yako."

Lakini moyoni aliogopa. Duka hilo ndilo lililomlisha yeye na watoto wake. Na sasa kulikuwa na duka kubwa la mtandaoni, duka lisilo na mlango. Watu walikwenda saiba, vyumba vya kompyuta za kulipia, mjini Machakos, wakachagua bidhaa kwenye kompyuta, wakalipa kwa simu. Mzigo uliletwa mpaka mjini. Tairi yao ilikuwa shilingi 360. Mumbua aliuza 450, na yeye mwenyewe alinunua kwa 400!

Mumbua akawatangazia watu wote kwamba tairi hizo ni feki. Ili awaumbue wauzaji hao, aliagiza moja. Ilipofika aliifungua mbele ya Festus, mwenyekiti wa bodaboda. Muhuri ulikuwa uleule wa tairi zake. Uzito ulikuwa uleule. Festus alicheka mpaka akashika mbavu. Mumbua aliona aibu, na hasira zikampanda zaidi.

Jirani yake Maundu alisikia habari hizo, akaja kumwona. Maundu alikuwa amefunga mizigo miaka miwili katika ghala la duka hilo la mtandaoni, huko Athi River. Alimwuliza tairi yake hupitia mikono mingapi. Mumbua akahesabu: kiwanda, mwenye kuileta nchini, broka wa Nairobi, muuzaji wa jumla wa Machakos, halafu yeye.

"Na kila mkono unakula," Maundu alisema. "Wale wananunua kiwandani, maelfu kwa mara moja. Ghala lao ni mabati tu, mahali kodi ni ndogo. Mteja analipa kwanza, kwa hivyo mali hailali. Faida ni kidogo kwa kila tairi, lakini wanauza nyingi. Hawana uchawi, mama. Wanakata gharama."

"Basi nifunge?"

"Sijasema hivyo. Mali isilale, hiyo unaweza. Kununua nyingi, hiyo huwezi peke yako."

Neno hilo, peke yako, lilimchoma Mumbua. Nyumbani kwao hakuna mtu aliyechimba matuta ya shamba peke yake. Watu walifanya mwethya, wakachimba leo kwa huyu na kesho kwa yule. Kwa nini dukani kila mtu ahangaike kivyake?

Kesho yake alikwenda kwa wauzaji wa vipuri wa Mwala na Matuu. Alivuka hata barabara mpaka kwa Ngina, muuzaji mwenzake wa vipuri, ambaye hakuwa amemsalimia miaka miwili kwa sababu ya kugombania mteja. Ngina alimtazama kwa shaka.

"Sijakuja kugombana," Mumbua alimwambia. "Tunachimba matuta kwa mwethya. Tairi inatushinda nini?"

Walipatikana watu saba. Walichanga pesa, wakawaruka mabroka, wakanunua kwa mwenye kuzileta nchini. Tairi ikawafikia kwa shilingi 330. Mumbua aliuza 370. Bado alilizidi duka la mtandaoni kwa shilingi kumi, naye hakuficha. Lakini alifunga tairi palepale bila malipo, na isiyotosha aliibadilisha. Festus alirudi mwenyewe. Alikuwa ameagiza mtandaoni tairi mbili zisizotosha baisikeli yake, na nauli ya kuzirudisha mjini ilimuuma.

Viti na taa zilizojaa vumbi Mumbua aliuza kwa bei ya chini. Tangu hapo vitu vinavyouzwa kwa nadra aliagiza tu mteja akishalipa sehemu ya bei. Duka likabaki nusu tupu, na kodi ilikuwa ya chumba kizima. Ndipo alipomwita Wambua.

Wambua alikuja mbio, futi mkononi, meno yote nje. Mumbua aliinama, akachora mstari wa chaki katikati ya sakafu.

"Pima mpaka hapa," alisema. "Nusu ya kodi ni yako. Na kiti chako kikivuka huu mstari, nitakunyoa mimi."

Wambua aliutazama mstari, akamtazama Mumbua, kisha akaanza kupima nusu yake.