Kioo cha Matema

"Kambale, mchele una mawe. Chambua."

Bosi akakata simu.

Atupele aliishusha Tecno yake sikioni taratibu. Kambale lilikuwa jina lake la kazi ya upelelezi. Mchele ni kundi lao pale Matema. Na mawe, Mungu apishie mbali, ni msaliti.

Kundi lenyewe lilikuwa watu wawili ndani ya nyumba ya kupanga: yeye na Marcel.

Mimi siye, aliwaza. Basi nani?

Felista, mpishi wa mashua, ndiye pekee aliyeuona uso wa mkuu wa genge lililokuwa likivusha bunduki ziwani. Walimficha Ipinda, wauaji wakafika kesho yake. Wakamhamishia Mwaya, mlango ukatobolewa kwa risasi, yeye ameshatolewa kupitia dirishani. Mara zote mbili mahali palitajwa ndani ya chumba hiki tu, kwa kunong'ona.

Na chumba alikichagua Marcel.

"Dada Atu, njoo ule," Marcel aliita kutoka jikoni. "Au siku hizi unaogopa mboga yangu?"

"Naogopa chumvi yako, kaka."

Alicheka kwa mdomo tu. Akachukua rimoti asikilize habari. Televisheni haikuitika. Akafanya kama wafanyavyo mafundi: akaielekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, akabonyeza. Mwanga wa rimoti macho hayauoni, lakini kamera huuona. Kitaa cha rimoti kikawaka zambarau kwenye skrini.

Akaachia kitufe.

Nukta ya zambarau ikabaki.

Haikuwa kwenye rimoti. Ilikuwa nyuma ya bega lake, kwenye vumbi la kioo cha dirisha.

Hakugeuka.

Mafunzo yalimrudia. Ukisema ndani ya nyumba, sauti yako hutetemesha kioo. Mtu akikimulika kioo hicho kwa mwanga usioonekana, mwanga hurudi umebeba mtetemo uleule, na mashine yake huugeuza kuwa maneno. Tena mwanga huruka kama mpira ukutani: ukija kwa mshazari, huondoka kwa mshazari upande wa pili. Dirisha lilitazama mlima; mtambo wa kumulika na wa kupokea, kila mmoja upande wake, ilikuwa huko.

Mlimani kulikuwa na hema la mgeni aliyesema anahesabu ndege. Watu walimwita Bwana Ndege. Alikuwa na mitambo miwili juu ya miguu mitatu, mmoja kila upande wa hema, na yote ilitazama bondeni.

Ndege gani hao wanaokaa dirishani kwa watu?

Lakini Marcel je? Shetani hakosi mwenyeji.

Alimvuta Marcel hadi nyuma ya nyumba, kwenye kakao iliyoanikwa. "Felista anakwenda Ikolo," alimnong'oneza. "Kwa shemasi. Saa tisa."

Akarudi ndani peke yake. Akaweka sikioni simu aliyokwisha kuizima.

"Ngonga," alisema. "Ghala la mpunga. Saa tisa."

Felista hakuwa Ikolo wala Ngonga; kote kuwili Atupele alikuwa ametega polisi na mtazamaji mwenye redio.

Saa tisa alasiri Atupele alikuwa anapanda mlima kati ya migomba, bastola ya Glock chini ya khanga, redio ya Motorola mkononi.

"Ikolo?"

"Ezekiel hapa. Kimya. Kuku tu."

"Ngonga?"

Hakuna jibu.

Aliomba kimoyomoyo asiwe Marcel. Alikuwa amekula chumvi yake tangu masika.

Redio ikakwaruza. "Angetile hapa. Pikipiki mbili, watu wanne, wana bunduki. Polisi wamewalaza chini wote."

"Ndaga, Angetile. Asante sana."

Alishusha pumzi, akampigia Marcel.

"Kaka, una mwiko?"

"Ninao. Umesikia njaa sasa?"

"Gonga kioo cha sebuleni. Kwa nguvu zako zote."

"Dada, umechanganyikiwa?"

"Gonga!"

Nyuma ya jiwe mbele yake Bwana Ndege aliketi, vipokea sauti vikubwa masikioni, kitufe cha sauti kimezungushwa hadi mwisho. Alikuwa anawinda mnong'ono.

Akapata mwiko.

Alipiga ukelele, akavitupa vile vidude, akaanguka magoti. Mwanga ulikuwa umempelekea kishindo kabla upepo haujaufikisha mlio wenyewe. Atupele aliusikia baadaye, mwembamba, ko!, kama mtu abishaye hodi.

Bwana Ndege alinyoosha mkono kwenye bastola iliyokuwa kitini. Alikuta kiatu cha Atupele.

"Habari za ndege?"

"Mimi... mtafiti."

"Na mimi. Lala chini."

Alipoitwa, Marcel alifika anahema, mwiko umebaki mpini. Alitazama pingu za Bwana Ndege, akasikia redio ikitaja Ngonga.

"Wamekamatiwa Ngonga," alisema. "Mimi uliniambia Ikolo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulinishuku."

"Nilikushuku, kaka. Na ningekufunga."

Marcel alitupa mpini wa mwiko. "Na mboga yangu ukala yote."

"Ilikosa chumvi leo."

Marcel akacheka, kisha akaacha. "Felista yuko wapi hasa? Au bado siambiwi?"

Atupele alionyesha mtambo. Kitaa chake kilikuwa kinawaka bado.

"Zima hiyo kwanza."

Marcel akazima. Chini, kanisani, kwaya ya akina mama ilikuwa kwenye mazoezi, na nyimbo zikapanda hadi pale.

"Unamsikia yule anayepotea kwenye sauti ya pili?" Atupele aliuliza.

"Namsikia. Anaharibu kabisa!"

"Felista ndiye huyo."

Akampigia bosi. "Kambale hapa. Mchele safi."

Akafunga khanga yake vizuri, akashuka kwenda mazoezini. Yeye pia alikuwa mwanakwaya, na alikuwa amechelewa.