Kifo cha Mgeni wa Kudumu

Maiti ilikuwa imelazwa vizuri mno.

Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta aliloliona alipoingia kwenye chumba kimoja cha ofisi za kampuni ya uwekezaji Jumatatu asubuhi. Mtu aliyeuawa huanguka apendavyo Mungu, mkono huku, mguu kule. Huyu alikuwa chali katikati ya zulia, miguu imenyooshwa, macho yamefumbwa. Vifungo vya shati vilikuwa vimefunguliwa kimoja baada ya kingine, na hakuna hata kimoja kilichokatika. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na jeraha, damu yake imekauka.

Kando yake kulikuwa na tuzo ya kioo kizito. Kona yake moja ilikuwa na damu na nywele.

Sajini aliinama akasoma maandishi. "Mjasiriamali Bora. Afande, huyu kauawa na sifa zake mwenyewe."

"Funga mdomo, fungua mkoba. Piga picha, kisha chukua alama za vidole kwenye hiyo tuzo, vikombe na kitasa cha mlango."

Mvua ilikuwa ikinyesha polepole nje, ile mvua isiyo na haraka ya kwisha. Chumba kilikuwa kidogo. Nyuma ya meza kulikuwa na kiti kikubwa cha ngozi, na mbele yake kiti cha plastiki cha wageni. Pembeni, karibu na dirisha, palikuwa na sanduku la bati lenye mfuniko wa kioo na nyaya ubavuni, koti la mvua limetupiwa juu nusu.

Inspekta aliangalia viti kwa muda mrefu. Koti la marehemu lilikuwa limetundikwa kwenye kiti cha plastiki. Miwani yake ilikuwa upande huohuo wa meza, na kikombe chake pia, kile kilichoandikwa jina lake.

"Sajini, wewe ofisini kwako unakaa kiti cha nani?"

"Changu, afande."

"Huyu jana alikaa cha mgeni. Na mgeni wake alikaa chake."

Aliyeikuta maiti ni karani wa mapokezi, mwanamke wa makamo. Alikuwa ameketi kwenye korido, leso imemlowa mkononi.

"Jana alikuwepo nani hapa, mama?"

"Jana Jumapili, baba. Panafungwa. Lakini yeye ana ufunguo wa ngazi ya nyuma. Ndiye Mgeni wa Kudumu."

"Mgeni wa nani?"

Karani aliona aibu. "Mungu anisamehe, jina tulimpa sisi. Mlangoni wameandika Mjasiriamali Mkaazi. Sasa mtu anakaa mwaka mzima, humwoni anafanya nini, utamwitaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hatukuliona."

"Aligombana na mtu?"

Aliutazama mlango wa mkurugenzi, akaikunja leso.

"Mama, sema."

"Mimi nina watoto wanasoma."

"Huyu naye ana mama, na bado hajapewa habari."

Karani alijifuta pua. "Ijumaa. Mkurugenzi alipaza sauti. Halafu nikamsikia Mgeni analia. Mwanaume mzima, baba. Nilizima hata redio."

Mkurugenzi wa kampuni ile ya uwekezaji alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa. Hakukataa.

"Nilimfokea, kweli. Nilimwambia mwaka wake umekwisha, wiki ijayo arudishe ufunguo."

"Mwaka wa nini? Nieleze kama unamweleza mtoto."

"Ni mtu aliyewahi kuanzisha kampuni ikafaulu. Tunampa chumba, meza na posho. Wanaokuja kuomba mtaji wanaanzia kwake. Anawasikiliza, anatuletea wanaofaa. Na yeye mwenyewe anatafuta wazo, au kampuni changa ya kuiongoza. Akipata, tunaweka mtaji. Asipopata, tunaagana."

"Alipata?"

"Mwaka mzima hakuleta mtu. Kila nikimwuliza ananiambia bado."

"Yeye ana sauti gani kwenye kuamua nani apewe?"

"Hana. Anaketi nasi, anakunywa chai yetu, hapigi kura."

"Wale waombaji wanalijua hilo?"

Mkurugenzi aliinua mabega. "Mtu anayekaa ndani ya nyumba, walioko nje humwona mwenye nyumba."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa mkwe wangu, kwenye mahari ya... kwenye shughuli ya familia. Watu hamsini waliniona. Wengine walinikopa."

Sajini alimwandika kwenye orodha ya washukiwa hata hivyo. Alikuwa hampendi kwa sababu ya viatu.

Mchana walikwenda chumba cha maiti. Daktari wa uchunguzi alikuwa mzee asiyependa maneno mengi.

"Pigo ni moja tu. Lilipasua fuvu, damu ikavujia ndani. Hakuishi sana. Mbavu nne zimevunjika."

"Alipigwa mateke?" aliuliza Sajini.

"Teke huvunja ubavu pembeni. Hizi zimevunjika mbele, huku na huku, sawasawa, kando ya mfupa wa kifua." Daktari aliweka viganja vyake kimoja juu ya kingine, akasukuma hewani. "Alikandamizwa. Mtu alikuwa anaurudisha moyo. Tena si kwa kubahatisha. Amefanya kazi hii, na amefanya kwa muda mrefu, mpaka alipochoka."

Sajini alikuna kichwa. "Yaani kamwua, halafu kamhudumia?"

"Kamwua," alisema Inspekta, "halafu hakutaka afe."

Walirudi ofisini. Inspekta alimwita mkurugenzi na karani kwenye kile chumba kidogo, akaonyesha sanduku la bati.

"Hiki ni nini?"

"Hata sijui," alisema mkurugenzi. "Nilidhani ni cha kuwekea vinywaji."

"La, bosi," alisema karani. "Kililetwa na wale ndugu wawili, fundi na dada yake. Ni cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wale njiti. Kinawatunzia joto hata umeme ukikatika. Dada mtu alikuwa nesi."

Inspekta na Sajini walitazamana.

Mkurugenzi alikuwa amepiga magoti. Alifungua mfuniko, akaingiza mkono, akachunguza nyaya na betri chini. Sauti yake ilibadilika. "Nani mwingine anatengeneza kitu kama hiki? Mwaka mzima natafuta kitu kama hiki. Mbona hakuniambia? Ningewapa mtaji siku hiyohiyo."

"Kilikuwa mlango wa tatu kutoka kwako," alisema Inspekta.

Karakana ya wale ndugu ilikuwa mwisho wa barabara ya matope, mlango wa bati, bango limefutika nusu. Ndani mlikuwa na masanduku kadhaa ambayo hayajakamilika, yamepangwa ukutani, vumbi juu yake. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono magotini. Mashine ya kuchomelea ilikuwa baridi.

Kabla Inspekta hajajitambulisha, alisimama akanyoosha mikono.

"Ni mimi. Nifungeni."

"Umefanya nini?"

"Nimemwua yule mwongo. Nilimpiga na ile tuzo yake ya kioo."

"Alikuwa amekaa wapi?"

"Kwenye kiti chake kikubwa. Wapi tena? Kile hakuwa akikiachia mtu."

"Baada ya kumpiga?"

"Nikakimbia."

"Shati lake ulilifungua kwa nini?"

Fundi alikodoa macho. "Shati? Mimi? Nimfungulie shati ili iwe nini?"

"Basi shusha mikono, kijana. Dada yako yuko wapi?"

"Dada hahusiki!" Fundi aliruka mlangoni, akatandaza mikono kama kuku mwenye vifaranga. "Afande, nakuomba kwa jina la mama yako. Dada ndiye aliyenilea. Mimi sina mke, sina mtoto, jela kwangu ni nyumba tu kama nyumba nyingine. Nichukueni mimi. Hesabu yenu si itatimia?"

"Mdogo wangu, acha," ilisema sauti kutoka chumba cha nyuma. "Usiwaongopee watu wazima."

Alitoka polepole. Alikuwa mwanamke mnene, nywele zimeanza mvi, viganja vimefungwa kitambaa. Sajini aliviona viganja, akaacha kutafuta pingu.

"Umeumia nini, mama?" aliuliza Inspekta.

"Misuli. Kifua cha mtu mzima ni kigumu. Nimezoea vya watoto, tunabonyeza kwa vidole viwili."

Kituoni alipewa onyo kwamba atakayoyasema yanaweza kutumika mahakamani. Aliitikia kwa kichwa. Aliomba maji, akayashika, hakuyanywa.

"Anzia mwanzo, mama."

"Mwanzo ni kwamba tulimwamini. Tulifika kwake na sanduku letu la kwanza, akalishangilia. Akasema, nyinyi ni watu wangu, mimi nilianza kama nyinyi. Kadi yake ina jina la kampuni. Mlango wake una jina lake. Nani atafikiri huyo ni mpangaji?"

"Aliwaahidi nini?"

"Kwamba wakubwa wamekubali, imebaki sahihi. Kila mwezi imebaki sahihi. Akasema wenye mtaji hawampi mtu mwenye mguu huku na mguu kule. Nikaacha kazi wodini. Kisha likaja shirika, likataka kuyatengeneza masanduku yetu na kuyapeleka kwenye zahanati zote. Bure kwa wagonjwa. Sisi tungebaki na jina tu na mshahara kidogo. Tulikuwa tumekubali. Akatukataza. Akasema mkitia sahihi kule, huku mmejifungia. Shirika lilisubiri, likachoka, likaenda zake."

"Jana?"

"Alinipigia simu, akasema njoo peke yako, mdogo wako ana hasira. Nilikuwa natoka ibadani. Alinipitisha ngazi ya nyuma, akanikalisha kwenye kiti chake. Yeye akakaa upande wa wageni. Nikasema moyoni, asante Mungu, leo jambo limetimia."

Aliyaweka maji mezani.

"Halafu akaanza kulia. Akasema, dada nisaidie, wananifukuza. Nikubalini niwe mkuu wa kampuni yenu. Nikienda kwao nimewashika nyinyi mkononi, hawataniondoa. Nikamwuliza, kwani wao hawatujui? Akasema bado. Alikuwa anatuficha. Angetupeleka mapema, tungekuwa wa kampuni, na yeye angebaki mchuja watu. Alitaka tuwe wake."

"Ukampiga kwa hilo?"

"La. Kwa hilo ningeondoka nikamshtakia Mungu." Alifungua kitambaa cha kiganja kimoja, akakifunga tena. "Asubuhi ile mwenzangu wa wodi alikuwa amenipigia. Mapacha, wadogo hata hujui utawashika wapi. Wodi ina sanduku moja, lile tuliloliacha la majaribio. Mmoja wakamweka ndani, mwingine wakamfunga blanketi na kumweka kifuani kwa mama yake. Mama mwenyewe alikuwa na homa, anatetemeka. Yule wa blanketi hakufika alfajiri. Mimi nimeketi pale, sanduku letu liko pembeni mwa chumba chake, zima, linafanya kazi, amelitupia koti la mvua juu. Nikamwuliza, kwa nini ulituficha mwaka mzima? Akasema, nilikuwa nangoja wakati mzuri."

Sajini aliacha kuandika.

"Inspekta, kazi yangu ni watoto waliokuja kabla ya wakati. Hao hawangoji. Nilipolisikia lile neno, mkono ukainuka. Sikuutuma. Au niliutuma, sitaki kumsingizia shetani."

"Halafu?"

"Akaanguka. Na mikono ileile ikaanza kazi yake. Nilimbonyeza, nikampulizia, nikambonyeza. Nikaomba."

"Hukuita watu."

"Simu ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ningeacha kubonyeza niitoe, angekwenda. Ndivyo nilivyojiambia. Nilipoacha alikuwa ameshakwenda. Nikamfumba macho, nikatoka." Aliinua uso. "Miaka yote nimewaombea watoto wa watu, nikajibiwa zaidi ya nilivyostahili. Jana nilimwomba Mungu amrudishe yule bwana, na wala si kwa ajili yake. Ni kwa ajili yangu, nisiwe kile nilichokuwa nimekuwa. Naye husikia kwa namna yake, hakumrudisha."

Alitia sahihi maelezo yake kwa mkono unaouma. Askari wa kike alikuja kumchukua. Kwenye korido, mdogo wake alikuwa ameketi kwenye benchi, uso ndani ya mikono. Dada mtu alipita karibu naye, akamgusa utosini.

"Kula," alimwambia. "Usikae na njaa."

Kisha akageuka mlangoni.

"Inspekta. Wale wakubwa walikwisha kuliona sanduku letu?"

"Wameliona leo."

"Walisemaje? Wangelitaka?"

Kwenye benchi, mdogo mtu aliinua kichwa. Ndugu wote wawili walikuwa wanamtazama. Inspekta alikuwa amefanya kazi hii muda mrefu na alijivunia kwamba hamwongopei mshukiwa, hata anayestahili kuongopewa.

"Sikuwauliza, mama," alisema.

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa kitu kidogo cha kushika njiani, akamfuata askari.