Picha Niliyoikata Pembeni

Likizo ya mwezi wa sita nilikuwa kwa bibi yangu, Bibi Mwamvua, kwenye vilima vya Kondoa. Kwetu ni Nkuhungu, Dodoma mjini, ambako asubuhi zangu ni kufagia uwanja na kukimbilia shule. Kwa bibi mambo yalikuwa mengine. Niliwasha moto, nikawapa kuku maji, nikanywa uji, halafu nikafungulia mbuzi saba na kwenda nao malishoni hadi adhuhuri. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Sharti lilikuwa moja tu, na bibi alilirudia kila siku kana kwamba masikio yangu ni ya kuazima.

"Sabiha, mbuzi wasivuke mawe meupe."

Mawe yale yaliyopakwa chokaa yalikuwa mpaka. Ng'ambo yake kulikuwa na mteremko uliomomonyolewa na mvua miaka mingi, hadi ukabaki makorongo matupu. Wakati wa mvua zilizopita kijiji kizima kilipanda miche pale, na mifugo ikapigwa marufuku kabisa. Bibi mwenyewe, na mgongo wake ule unaouma, alikuwa amepanda kumi na miwili.

Sasa, mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa ametupa kazi ya likizo: kila mmoja apige picha moja ya mandhari ya mahali atakapokwenda, kisha aieleze kwa maandishi. Mama akaniazima simu yake ya zamani. Jumapili asubuhi nikawaacha mbuzi chini, nikapanda juu ya mwamba ili niupate mteremko wote pamoja na vilima vya nyuma yake. Dakika tano tu, nilijiambia. Nadhani zilifika arobaini, maana mtu akianza kutafuta picha nzuri haishi kusema hii bado, ngoja nyingine. Niliposhuka niliwakuta mbuzi karibu na mawe meupe, wanatafuna. Nikawahesabu, wakatimia saba. Nikawarudisha nyumbani nikiimba.

Jumatatu jioni habari zikazagaa: miche thelathini na miwili ilikuwa imeliwa. Na kabla jua halijazama, kijiji kilikuwa kimeshampata mkosaji. Alikuwa Bwana Matonya.

Bwana Matonya alihamia pale mwaka uliopita, na ng'ombe wanne na mbuzi kumi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimsalimia anaitikia, anapita zake. Kwa baadhi ya watu hilo peke yake lilitosha.

"Mtu asiyekaa na wenzake barazani ana lake jambo," jirani yetu alimwambia bibi.

Na mimi nilimshuku, tena kwa moyo wote. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimemwona akipita kando ya mteremko na fimbo yake, kainamisha kichwa. Nikaona kabisa kwamba kichwa kile kimeinama kwa sababu ya hatia.

Jumanne nilikaa nyuma ya nyumba niandike kazi ya mwalimu. Nikafungua picha yangu. Upande wa kulia, katikati ya miche, kulikuwa na vidoadoa. Nikaikuza picha kwa vidole. Vidoadoa vikawa mbuzi. Nikaikuza tena. Mmoja alikuwa mweupe, shingoni ana kitambaa chekundu, kile bibi alichokichana kutoka kwenye kanga yake kuukuu ili awatambue mbuzi wake.

Nikatazama huku na huku, hakuna mtu. Basi, bila kufikiri mara mbili, nikaikata picha upande ule wote wa kulia. Ilibaki nzuri tu: vilima, anga, miche iliyosimama. Hakuna mbuzi.

Kumbe nilikuwa sijamaliza. Alasiri ile ile Bwana Yahaya, mwenyekiti wa kitongoji, alibisha hodi.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia Jumapili ulipiga picha ya mteremko. Hebu niione."

Nikampa simu. Aliitazama muda mrefu, akatikisa kichwa taratibu.

"Kwa hiyo Jumapili miche ilikuwa mizima, wala hakuna mnyama. Na Jumatatu Matonya alionekana pale. Jambo limejulikana. Alhamisi uje na simu hii mkutanoni. Na kuanzia leo watu wa nyumba yake wasikanyage kisimani hadi tumhukumu."

Nilikuwa nimeikata picha ili nijifiche mimi, na sasa picha hiyo hiyo ilikuwa inamfunga mtu mwingine.

Jumatano nilipokwenda kisimani nilimkuta mke wa Bwana Matonya na ndoo zake mbili. Wanawake walikuwa wamemzibia njia. Hakugombana nao. Aliinua ndoo zake tupu, akashika njia ya mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Niliona aibu hadi nikashindwa kuteka maji.

Kuanzia hapo nikawa namshuku kila mtu. Jirani akicheka, nadhani ananicheka mimi. Bibi akinitazama, nadhani ameshajua.

"Mbona huli?" bibi aliniuliza mchana.

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshibia wapi?"

Alinitupia jicho la pembeni, akaendelea kula.

Alhamisi watu walikusanyika mbele ya ofisi ya kitongoji. Bwana Matonya alisimama peke yake, kama mtu aliyetengwa kwa ugonjwa. Wengine walishasema afungashe virago vyake ahame.

"Sabiha, lete simu," mwenyekiti akasema.

Nikapiga moyo konde. Nilibonyeza pale pa kuirudisha picha kama ilivyokuwa mwanzo, mbuzi wakatokea tena.

"Mwenyekiti, ile niliyokuonyesha niliikata," nikasema. Machozi yalikuwa yameshaanza. "Nzima ndiyo hii. Mbuzi hawa ni wetu. Mimi niliwaacha nikaenda kupiga picha. Bwana Matonya hana kosa."

Bibi aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho.

"Ni mbuzi wangu," akasema. "Na huyu ni mjukuu wangu. Aibu ni yetu sote wawili."

Mwenyekiti alimgeukia Bwana Matonya. "Tumekukosea. Hata kukuuliza hatukukuuliza."

"Mngeniuliza ningewaambia," alijibu Bwana Matonya. "Nilipita pale nikaona miche imeliwa, nikawa natazama nyayo. Zilikuwa za mbuzi wachache, nao wamekuja kutoka upande wa chini. Mimi nakaa juu."

Iliamuliwa kisima kifunguliwe kwao saa ile ile, na mimi nipande upya miche thelathini na miwili na kuimwagilia kila siku hadi likizo iishe. Sikulalamika.

Watu walipotawanyika nilimfuata Bwana Matonya kumwomba radhi. Aliniacha nimalize.

"Umesema kweli, nimekusikia," alisema. "Ila umechelewa siku mbili. Kwa siku hizo mbili mke wangu amebeba maji kutoka mtoni, na wanangu wameitwa wezi wa malisho. Kukosea, kila mtu anakosea. Ukikosea tena, usingoje mkutano. Sema siku hiyo hiyo, kabla mwenzako hajaubeba mzigo wako."

Nilimwahidi. Mkewe alikuwa anapita kuelekea kisimani, nikamwomba nimsaidie ndoo moja. Alinitazama kwa muda, bado ana shaka na mimi, halafu akanipa ile ndogo.