Aliyesogeza Roboti

"Shikamoo, Bibi."

"Sitaki shikamoo yako! Nakuuliza wewe msichana, mjukuu wangu amekukosea nini?"

Nikasikia tu anavuta pumzi.

"Leo siku ya pili hali, hanywi. Mwaka mzima wamehangaika na roboti yao, wewe umekaa zamu asubuhi moja tu, ukuta chini! Au ulikuwa unachezea simu?"

"Hapana, Bibi. Nadhani... nadhani breki sikuifunga vizuri. Nisamehe."

"Nikusamehe mimi? Kwangu usikanyage tena!"

Nikakata simu. Kugeuka, mjukuu wangu amesimama mlangoni, taulo begani, povu la sabuni bado liko sikioni.

"Bibi, umempigia nani?"

"Huyo Milimita wako. Nimempa zake."

Akakaa palepale chini, mlangoni.

Huyu nimemlea tangu anatambaa. Anasomea usanifu wa majengo, ndiyo maana nyumbani tumeshamwita Msanifu kabla hata hajamaliza. Yeye na wenzake chuoni walitengeneza roboti yao wenyewe, mkono wa chuma wenye mota, umekaa juu ya kitoroli cha magurudumu manne. Kompyuta inauelekeza, nao unatema udongo laini kwenye bomba kama dawa ya meno, mstari juu ya mstari, mpaka ukuta unanyanyuka wenyewe. Mara ya kwanza kuuona nilipiga kelele, wakanicheka.

Kiongozi wao alikuwa Milimita. Waliompa jina hilo hawakukosea, maana binti yule hata chai anaimimina huku ameinama kuangalia imefika wapi. Wanapendana na Msanifu, nami nilikuwa namtania "mke mwenzangu," kwa kuwa Msanifu ni mume wangu wa utani tangu utoto wake. Baba yake Milimita, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyewatengenezea kile kitoroli na breki zake.

"Bibi," mjukuu wangu akasema, "si yeye."

"Si yeye nini?"

"Alitoka kwenda kuchota maji ya udongo. Nikaisimamisha roboti kidogo. Nilitaka kuipiga video, na dirishani kulikuwa na mwanga mzuri. Nikalegeza breki, nikaivuta mpaka pale. Nilipomaliza nikairudisha."

"Palepale ilipokuwa?"

"Palepale. Kwa macho."

"Hukupima?"

Akajifuta lile povu sikioni.

"Ilikuwa vidole viwili tu, Bibi. Labda viwili na nusu."

Sasa roboti ile haina macho. Inachojua ni pale mguu wake uliposimama ilipoanza kazi, basi. Ndiyo sababu wanachora alama za chaki sakafuni, wanafunga breki, na hakuna ruhusa ya kugusa kitoroli mpaka ukuta uishe. Yeye akakigusa, akaiwasha tena roboti, akaondoka na video yake. Milimita akarudi na ndoo zake, hajui kitu. Roboti ikaendelea kumwaga udongo vidole viwili pembeni, nusu juu ya ukuta, nusu hewani. Kufika mchana ukuta ukainama, ukalala wote.

Mwalimu akafungua daftari la zamu. Jina la Milimita. Akamtoa kwenye kundi, arudie mwaka, na karatasi inasainiwa siku ile ile ninayoisimulia, saa nane mchana. Uongozi wa kundi akapewa nani? Mume wangu huyu.

"Na wewe ulikuwa wapi mwenzio anaulizwa?"

"Nilikuwa pale."

"Ukasemaje?"

"Nilikuwa natazama viatu vyangu."

Akanipa simu yake. Madarasa yangu ni machache, nasoma kwa kidole, lakini nasoma. Milimita alikuwa amemwandikia:

"Nisamehe mpenzi, nimewaangusha wote. Baba naye anasema labda breki aliichomelea vibaya, ameifungua mara tatu kuikagua. Naona aibu hata kukutazama."

Chini yake, jibu la mjukuu wangu:

"Usijali. Nimekusamehe."

Nikarudisha kidole mwanzo, nikasoma tena, nikidhani ni macho yangu.

"Umemsamehe?"

"Bibi..."

"Kosa umefanya wewe, halafu umemsamehe yeye?"

Masikio yalikuwa yananiwaka. Dakika kumi nyuma nilimtukana mtoto wa watu, naye akaniomba msamaha. Nilitamani ile simu niimeze.

"Vaa shati," nikamwambia.

"Bibi, ngoja nimwandikie."

"Ulichoandika kinatosha. Vaa shati."

Tulifika karakana ya chuo saa saba na nusu. Milimita alikuwa amechuchumaa sakafuni, anapondaponda vipande vya ukuta ndani ya ndoo ili udongo uloweke upya. Ameshafukuzwa kwenye kundi, bado anawaandalia udongo! Aliponiona akasimama haraka, akarudi nyuma hatua moja. Hatua ile iliniuma. Ananiogopa.

Nikamshika mikono na tope lake.

"Mke mwenzangu, nimekuja kukuomba radhi. Yale maneno ya kwenye simu hayakuwa yako."

"Bibi, usiniombe radhi mbele za watu, nitalia."

"Lia, mama. Wewe ndiye mwenye haki ya kulia humu ndani."

Mwalimu akaja na karatasi mkononi.

"Mama, kuna tatizo?"

"Lipo. Analo huyu."

Msanifu akakohoa. Akaweka mikono mfukoni, akaitoa.

"Mwalimu, kuhusu ule ukuta... nafikiri kuna uwezekano kulitokea mabadiliko madogo ya mahali pa, yaani, kifaa chenyewe..."

"Mume wangu," nikamwambia, "ongea kama unavyoongea nyumbani."

Akatoa simu.

"Mimi ndiye niliyesogeza roboti. Milimita hakuwepo. Breki ilikuwa imefungwa, nikailegeza. Video hii hapa."

Mwalimu akaitazama, akampa Milimita simu. Roboti imependeza kweli mle, inang'aa dirishani. Nyuma yake, sakafuni, alama za chaki ziko tupu. Milimita akaitazama mara mbili. Hakulia.

"Uliikuta breki imefungwa?"

"Ndiyo."

"Yaani nilikuwa nimeifunga."

"Uliifunga."

"Siku mbili nawaambia watu sikuifunga! Nimemwambia baba. Nimemwambia bibi yako. Na wewe nilikwambia."

"Najua."

"Ukuta ningekusamehe hapohapo. Ningekumwagia ndoo ya tope, tukacheka, tukaanza upya. Lakini ulinitazama nikijidharau, ukaniambia umenisamehe." Akamrudishia simu. "Nilikushukuru. Nilikuona mtu mwema kuliko mimi."

Mjukuu wangu akajifunika uso kwa viganja. Nilitaka kumwendea, nikajizuia. Ile aibu ilikuwa yake, aibebe.

Mwalimu akafuta jina moja kwenye karatasi, akaandika lingine.

"Kiongozi ni yule yule wa mwanzo. Atakayerudia mwaka ni wewe. Una la kusema?"

"Sina, mwalimu."

Kisha Msanifu akamgeukia Milimita. "Nifanye nini?"

"Kamwambie baba. Na usimwambie kwa simu."

Tukaenda watatu. Fundi alikuwa kwenye banda lake, mageti mawili ya watu yameegeshwa ukutani hayajaguswa, na breki ya kitoroli iko mezani vipandevipande. Akavua miwani yake myeusi.

"Karibu, mama. Kijana, bora umekuja. Hebu tazama hapa, nadhani ndipo nilipokosea..."

"Hujakosea, mzee. Breki yako ilikuwa nzima. Niliilegeza mimi, ukuta ukaanguka, nikanyamaza."

Fundi akaiweka spana chini taratibu.

"Binti yangu unampenda?"

"Nampenda."

"Siku ile anasimamishwa mbele ya wenzake, ulikuwa unampenda?"

Nikaomba moyoni asidanganye.

"Nilikuwa najipenda mwenyewe zaidi, mzee."

Fundi akamtazama mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake.

"Haya," akasema mwishowe. "Angalau leo hukunidanganya." Akavaa miwani, akaanza kuunga breki yake. Wala hakutuaga.

Milimita akatusindikiza mpaka nje.

"Jumatatu tunaanza ukuta upya," akamwambia. "Udongo unahitaji mtu wa kuukanda kwa miguu. Jina lako halitaandikwa popote, na roboti huigusi."

"Nitakuja."

"Sijasema tumerudiana."

"Sijauliza."

"Uje saa moja kasorobo. Wenzetu wanafika saa moja. Nina maneno ya kukutukana, nataka niyamalize kabla hawajaja."

"Robo saa itatosha?"

"Haitatosha. Utakuja na Jumanne, na Jumatano."

Mjukuu wangu akaitikia, kichwa kiko chini. Milimita akamsubiri akiinue. Hakukiinua. Basi akamshika kidevu kwa vidole vile vya tope, akamnyanyua uso.

"Nitazame basi," akasema.

Akamtazama, machozi yanamchuruzika. Mimi nikatangulia mbele, nikawaacha.