Chokaa Chini ya Pikapu

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Kimya alipitia uani kwa shangazi yake kukagua mayai yaliyovunjika. Jina la Kimya alipewa na wenzake darasani, kwa sababu alijibu maswali kwa sauti ndogo mno, hata mwalimu alilazimika kumtazama midomo. Jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani, naye hakulikataa.

Shangazi alikuwa na pikapu ya buluu. Kwa pikapu hiyo alibeba trei za mayai kutoka shamba la kuku hadi mjini. Jumatatu hiyo, trei nne zilikuwa zimelowa ute.

"Tena, Shangazi?"

"Tena. Pale kwenye mashimo, kabla ya daraja. Nilisikia ngo chini ya gari mpaka meno yangu yakagongana." Shangazi aliyachagua yaliyopasuka kidogo, akayatia kwenye sufuria. "Leo mayai, kesho mayai. Tutaota manyoya mimi na wewe."

Alitania, lakini uso wake haukucheka. Meneja wa shamba alikuwa amemwambia waziwazi: mzigo wa Alhamisi ukifika na zaidi ya trei moja iliyoharibika, kazi atapewa dereva mwingine. Na huyo mwingine walimjua. Aliitwa Twiga, kwa sababu pikapu yake aliiinua juu sana, hata abiria wake walipanda kwa mikono na magoti.

"Dawa ni kuinua gari letu pia," Shangazi alisema. "Mawe yapite chini, sisi tupite juu."

Kimya alifikiri kidogo. "Ukiinua gari, Shangazi, unainua nini hasa? Si magurudumu yanabaki palepale chini?"

Shangazi alisimama na kijiko mkononi. "Hilo kamuulize Fundi. Mimi naendesha tu."

Kesho yake baada ya masomo walikwenda kwa Fundi. Alikuwa mama mwenye mabega mapana, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Watu walimcheka kwa tabia yake moja: hakukubali kufungua hata nati kabla gari lenyewe halijaonyesha tatizo lilipo.

"Ni mawe yanayogonga tumbo la gari," Shangazi alimweleza. "Niinulie tu."

"Nani kakwambia ni mawe, dada?"

"Masikio yangu."

"Masikio yako yako juu kwenye kiti. Kishindo kiko chini." Fundi alileta ndoo ya chokaa na brashi. "Tutapaka chokaa chini ya gari lote. Ikikauka, pakia mifuko ya mchanga yenye uzito kama wa mayai yako, upite njia ileile. Ukirudi, popote chokaa ilipofutika, hapo ndipo panapoguswa. Gari halijui kudanganya."

Kimya aliipenda njia ile papo hapo. Kabla ya kuona haya, mkono wake ulikuwa umeshaishika brashi.

"Haya, binti, ingia," alisema Fundi. "Paka kila mahali. Mimi nina geti la mtu hapa la kumalizia."

Pikapu ilikuwa imeegeshwa juu ya shimo la karakana. Kimya alishuka ngazi tatu, akatazama juu. Hakuwahi kuliona gari kwa upande ule. Aliona bomba la moshi likipita kama nyoka, tangi la mafuta, na nyuma kabisa zile springi, vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kwenye ekseli, ule mhimili unaounganisha magurudumu ya nyuma, palikuwa na kitu cha mviringo kama boga. Hiyo ndiyo difu, inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu.

Alipaka tangi, akapaka bomba, akapaka vyuma vya pembeni. Lakini alipofika kwenye difu, chokaa ilikataa kushika. Mafuta mazito yenye vumbi yalikuwa yameifunika yote. Alijaribu mara mbili, ikateleza ikamdondokea kwenye mkono. Ilihitajika kufutwa kwanza. Matambara yalikuwa juu, kwa Fundi, naye Fundi alikuwa akisaga chuma kwa mashine yenye makelele. Ili kumwomba ingembidi kupiga kelele.

Kimya alisita. Kisha akajiambia kwamba pale ni padogo tu, hapaharibu kitu. Akapanda ngazi.

"Umemaliza?" Fundi aliuliza.

Kimya aliitikia kwa kichwa.

Shangazi alikwenda na mchanga wake akarudi. Fundi akashuka shimoni na tochi. Alikaa kitambo, halafu akatoka akijifuta mikono.

"Kweli yako, dada, ni mawe. Kote ni kweupe isipokuwa difu. Imelambwa yote, hakuna hata tone la chokaa."

Kimya aliuficha nyuma ya mgongo mkono wake wenye madoa ya chokaa.

"Basi niinulie," Shangazi alisema.

"Subiri nikuonyeshe." Fundi alichukua kigoda, akaweka mto juu yake, na juu ya mto akaweka boksi. "Kigoda ni magurudumu pamoja na difu. Mto ni springi. Boksi ni bodi. Nikiongeza mto wa pili, kimepanda nini?"

"Boksi," Kimya alinong'ona.

"Na kigoda?"

"Kiko palepale."

"Umeona. Tukiweka springi ndefu, bodi itapanda hata ifike darini, lakini difu itabaki na mawe yake. Kuinua difu ni mpaka tuinue miguu ya kigoda." Fundi alisukuma tofali chini ya kila mguu. "Yaani matairi makubwa."

Swali la Kimya la jana lilikuwa limejibiwa vizuri kabisa, lakini hakuweza kulifurahia.

Twiga, aliyekuwa akijaza upepo pale nje, aliingia bila kuitwa. "Matairi makubwa ninayo manne. Mama Mayai, yachukue leoleo. Ila nakuonya, ukishapanda juu kama sisi usitusahau kutusalimia."

"Salamu zako utazipata kwa barua," Shangazi alimjibu, lakini alionekana amepata nafuu. "Fundi, yafunge."

"Hayataingia hivihivi. Yatasugua madigadi, haya mabati yanayofunika magurudumu, itabidi niyakate mabati hayo. Usukani nao utakuwa mzito, na mzigo ukiwa juu gari linayumba kwenye kona. Na nikishakata, dada, siwezi kurudisha."

Shangazi aliitazama pikapu yake ya buluu. "Alhamisi ni keshokutwa. Kata."

Fundi alivaa miwani ya kazi. Kimya alisema jambo, lakini hakuna aliyemsikia. Akasema tena.

"Leo Kimya anaongea," Twiga alicheka. "Kesho itanyesha mvua ya mawe."

Fundi aliwasha mashine. Ndipo Kimya akasogea mbele ya gurudumu, akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. "Difu sikuipaka. Sikuipaka, Fundi. Ilikuwa na mafuta, chokaa haikushika."

Mashine ilizimwa.

"Uliitikia kwamba umemaliza," Shangazi alisema polepole.

"Ndiyo, Shangazi. Niliona haya kuomba tambara."

"Ungeniacha nikate gari langu kwa sababu ya tambara."

Machozi yalimlenga Kimya. Fundi alivua miwani, akakaa kwenye tofali.

"Na mimi nina langu," alisema. "Ningepagusa kwa kidole tu, ningejua kwamba mafuta yale hayajaguswa na jiwe. Niliona nilichotarajia, nikaacha kutafuta. Kesho turudie. Binti, utapaka mwenyewe, na utaniita kila kitu kikikushinda. Hata nikiwa nasaga."

Jumatano Kimya alishuka shimoni na matambara matano. Aliifuta difu mpaka chuma kikaonekana, akaipaka, akapaka na kila kona juu ya ekseli, ambako jana brashi haikufika. Mara mbili aliita, "Fundi, njoo uone," na mara mbili Fundi alikuja. Kisha wakapakia mchanga, naye akaketi kando ya Shangazi. Penye mashimo wote wawili walisikia: ngo.

Waliporudi, Kimya alikuwa wa kwanza kushuka na tochi. Difu ilikuwa nyeupe kama sahani. Tangi, jeupe. Alitafuta taratibu, sehemu baada ya sehemu, mpaka tochi ikafika juu ya ekseli. Pale kulikuwa na vipande viwili vya raba vilivyofungwa chini ya bodi. Aliikumbuka brashi yake ikipita pale, lakini sasa vilikuwa vyeusi. Chokaa yake ilikuwa imehamia kwenye ekseli yenyewe, madoa mawili, moja kila upande.

"Fundi," aliita, "hivi vinagusana?"

Fundi alitazama, akatazama tena. "Barabara haiwagongi kabisa," alisema. "Gari linajigonga lenyewe. Springi zimechoka. Mzigo ukipanda, bodi inakaa chini mpaka inakutana na ekseli."

Alizifungua springi. Chuma kimoja kilikuwa na ufa, na viwili vilikuwa vimenyooka kama rula badala ya kupinda kama upinde. Alibadilisha vyote vitatu, akaongeza kimoja cha kusaidia mzigo, akafunga na shokamzoba mpya ili gari lisirukeruke. Kisha alipima upepo wa matairi yaleyale ya zamani. Yalikuwa yamejazwa kupita kiasi, magumu kama mawe, akayapunguza mpaka kiasi kinachofaa.

"Kwa hiyo matairi yangu?" Twiga aliuliza mlangoni.

"Mazuri sana," Fundi alisema, "kwa mwenye tatizo linaloyahitaji."

Alhamisi Kimya alikimbia kutoka shule mpaka pumzi zikamwishia. Shangazi alikuwa ameegemea pikapu uani, akila chungwa.

"Mangapi?" Kimya aliuliza kutoka getini, kwa sauti iliyomfanya jirani ageuke.

"Mawili. Si trei mbili, mayai mawili. Meneja ameyahesabu mwenyewe, kisha akaniuliza kama Jumatatu naweza kufika mapema zaidi."

Kimya aliketi kwenye ngazi. Shangazi alimpa nusu ya chungwa, akaketi karibu naye.

"Nisikilize, mwanangu. Chokaa kukataa kushika halikuwa kosa lako. Kazi humshinda mtu yeyote. Lakini chini ya gari hatukuwepo sisi, ulikuwepo wewe peke yako, na macho yako ndiyo yalikuwa macho yetu. Mtu akikuamini kwa kazi asiyoiona, mweleze ulichofanya, halafu mweleze na ambacho hukufanya. Hicho cha pili ni kigumu kukisema, nawe ulikisema wakati mashine imeshawashwa. Mara nyingine kiseme mapema."

"Nitasema, Shangazi," Kimya alijibu.