Usiiwashe Pakavu

Jumanne asubuhi duka la vipuri la Mzee Gurdial lilijaa mafundi mpaka mlangoni, kila mmoja ameinua kipande chake kilichoharibika. Ogola aliingia amekumbatia roboti ya kusafishia bwawa la kuogelea, kidude kizito cha bluu chenye magurudumu mapana, waya wake mrefu ameuzungusha begani. Akaipita foleni yote, akaibwaga juu ya kaunta.

"Mzee, nataka mota ya hii."

"Hiyo haitaki mota," mtu akasema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa msichana mwenye ovaroli ya kijivu iliyopauka na kitambaa cha manjano kichwani, macho yake yakifuata maji ya kutu yaliyodondoka kutoka tumboni mwa roboti. Jina lake Naswa, na kwa kawaida hakuwa msemaji; maneno yale yalimtoka kabla hajayazuia. Lakini alikuwa amesimama kwenye foleni ile kwa nusu saa, kwa hiyo akamalizia.

"Sili ya mpira ya kuzuia maji imekwisha, maji yameingia kwenye beringi. Na foleni inaanzia kule."

"Dada, mimi naongea na mwenye duka."

"Haya, bwana mkubwa. Nunua mota."

Mafundi walicheka. Ogola alikuwa kijana mrefu aliyevaa shati jeupe la kazi, limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na hakuzoea kuchekwa. Mzee Gurdial akamaliza ugomvi kwa upole: mota ile haikuwapo Kisumu nzima, kuiagiza ni wiki tatu, na mtu pekee aliyemjua wa kuifungua ni huyo msichana aliyekuwa akibishana naye.

Ogola hakuwa na wiki tatu. Alitunza bwawa katika nyumba ya wageni ya Mama Harleen, Milimani. Mwezi uliopita alizidisha dawa ya maji, wageni wakatoka na macho mekundu, na Mama Harleen akamwambia kwamba kosa moja zaidi litamrudisha kwao Kombewa.

Basi alasiri hiyo akapanda ngazi za ploti moja ya Migosi, jengo la nyumba za kupanga. Naswa alifanyia kazi kwenye meza ya sebuleni. Tangu amalize chuo, hakuna karakana iliyompa mwanamke nafasi, na kila mteja aliyempata alitoka mdomoni mwa Mzee Gurdial. Jina lake jema ndilo lililokuwa karakana yake.

"Kaa pale, usiguse kitu," alisema.

"Unaijua kweli, au utajifunzia kwa mashine ya watu?"

"Ukiendelea kuongea, nitajifunzia kwako."

Alifungua skrubu moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Akaing'oa mota, akafuta kutu kwa brashi ya meno, kisha akainamisha sikio na kuizungusha kwa kidole, kama anayesikiliza mtoto akipumua. Ogola alikusudia kusema neno jingine la kuchoma. Akaishia kuinamisha kichwa naye asikie.

Siku mbili zilizofuata alimpigia simu mara tano, eti kuuliza habari za mashine.

"Imeamkaje?"

"Imeamka vizuri. Kuliko wewe."

"Na fundi je? Amekula?"

"Kwani wewe ni mama yangu?"

"Mimi nauliza tu, jaber."

Naswa alijua neno hilo. Majirani zake Wajaluo waliwaita hivyo wasichana warembo. Alikata simu, kisha akafuta skrubu ileile mara tatu.

Alhamisi beringi na sili mpya zilikuwa ndani. Kilichobaki ni kuijaribu, na mabomba ya Migosi yalikuwa makavu tangu Jumatatu. Alimpa Ogola mashine na onyo moja, akalirudia mara mbili: mota hii hupozwa na maji yanayoizunguka, ikiwashwa pakavu sili inaungua. Asiiwashe. Yeye mwenyewe angekuja Milimani kesho yake asubuhi, waijaribu pamoja bwawani.

Ogola alisema sawa, sawa. Lakini alipofika, Mama Harleen alikuwa barazani na kikombe cha chai, akamuuliza kwa dharau kama amerudi na mashine au jeneza. Kiburi kikampanda. Akaiweka juu ya vigae, akachomeka waya. Magurudumu yalizunguka, brashi zikavuma, Mama Harleen akapiga makofi na kuita dada zake waje waone. Waliitazama kwa dakika sita. Ilipotiwa majini ilizunguka mara moja, ikatoa mapovu, ikanyamaza.

"Nani alitengeneza hii?" Mama Harleen aliuliza.

Ogola aliviangalia vile vigae. Aliiona Kombewa, na baba yake akimuuliza kwa nini amerudi.

"Fundi wa Migosi," akasema. Onyo aliloambiwa hakulitaja.

Ijumaa asubuhi, kabla Naswa hajatoka nyumbani, mwenye bodaboda aliirudisha mashine mlangoni pake. Simu ya Mama Harleen ikafuata: amepewa hadi Jumamosi saa nane, watoto watakapokuja kuogelea, na baada ya hapo Mzee Gurdial ataambiwa ni fundi wa namna gani anayempelekea watu. Naswa alikuwa ameshaifungua. Sili ya siku moja ilikuwa nyeusi na ngumu kama mkaa, ikinuka mpira ulioungua. Alijaribu kueleza, akajibiwa kwamba mafundi wote humsingizia mwenye mashine.

Alimpigia Ogola.

"Uliiwasha pakavu?"

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Nakuuliza."

"Pengine sili yako ilikuwa mbovu."

"Nilifikiri wewe ni mjinga tu," Naswa alisema. "Kumbe ni mwongo. Usinipigie tena."

Akaizuia namba ya Ogola. Mchana huo akatia sili ya pili, ya mwisho aliyokuwa nayo. Hakuthubutu kuirudisha bila kuijaribu, na ndani ya nyumba alikuwa na maji ya kupikia chai tu.

Jumamosi asubuhi wanawake wa ploti walikuwa wamejipanga na ndoo kwenye bomba lisilotoa kitu, wakingoja kwa matumaini, waliposikia magurudumu ya mkokoteni. Ogola alikuwa akiusukuma mwenyewe kutoka kisimani Manyatta, mitungi kumi juu yake, shati jeupe limegandamana na mgongo.

"Omera, ndugu yangu, umeolewa?" aliuliza Mama Apiyo, jirani wa chini. "Siku hizi wanaume ndio wanaowachotea wake zao maji?"

"Au amekausha bwawa la watu," akasema mwingine, na foleni yote ikacheka.

Naswa alitokea juu ya ngazi, hana kitambaa, nywele zimesimama.

"Nani alikuita?"

"Hakuna. Nimeleta maji ya kujaribia."

"Yarudishe."

"Naswa, mos, pole. Niliiwasha. Nilidanganya, nikaogopa kazi yangu."

"Umemwambia Mama Harleen?"

Ogola aliutazama mkokoteni. "Nilitaka nikuambie wewe kwanza."

"Mimi nilijua tangu jana. Aliyedanganywa ni yeye. Ondoa maji yako hapa mlangoni."

Wenye foleni walisogea karibu. Ogola akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Alisema kila kitu: onyo aliloambiwa mara mbili, vigae, dakika sita. Mama Harleen alimtaka arudie hizo dakika sita.

"Ogola, umeniacha nikamtukana msichana wa watu," alisema mwishowe. "Jumatatu lete funguo. Na huyo fundi mwambie nitampigia mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Ogola alirudisha simu mfukoni, akaanza kuubeba mtungi wa kwanza ngazini bila kuuliza. Naswa alisogea kidogo tu, kiasi cha bega moja kupita.

Mitungi sita ilijaza pipa lililopasuliwa kwa urefu kule barazani juu. Naswa aliizamisha roboti, akachomeka waya. Maji yakatikisika, kisha yakaanza kuzunguka, na mvumo ukatoka chini, laini, usiokwaruza. Walisimama pande mbili za pipa wakiusikiliza kwa nusu saa nzima; saa nane ilikuwa bado mbali.

"Sijakusamehe," alisema Naswa.

"Najua."

"Na usiniite jaber mbele ya watu."

"Nikuiteje?"

Alifikiri, akapangusa mikono kwenye ovaroli. "Kazi yangu unaijua."

"Fundi," Ogola akasema, kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Fundi, sina kazi, na imebaki mitungi minne. Niipeleke wapi?"

Naswa alichungulia chini, ambako wanawake walikuwa bado wamesimama na ndoo tupu.

"Wape Mama Apiyo na wenzake," alisema. "Halafu rudi Manyatta ukalete mingine. Ya chai."