Mkokoteni Ukingoni mwa Kabondo

Siku ile mjinga alikuwa Faradji, na tulimalize hilo mapema ili mtu asije akasema tumemficha. Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa hamsini na nne, soko la Kasongo limejaa pomoni, wanawake wametandaza samaki wakavu wa Lualaba na mafungu ya sombe, yale majani ya muhogo, na yeye anapita katikati na mkokoteni wa takataka wa Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, huku anaimba. Mtu mwenye akili angezunguka nyuma ya maduka. Faradji alipita katikati kwa sababu alikuwa na kapitula mpya ya kaki na alitaka ionekane.

Gurudumu likaingia shimoni. Mkokoteni ukainama, na maji meusi yenye maganda ya ndizi yakamwagikia kikwembe cha msichana aliyekuwa anachagua chumvi. Kilikuwa kikwembe cha manjano chenye ndege wa buluu. Ndege watatu walipotea palepale.

"Weye! Macho yako iko wapi?"

"Yalikuwa kwako, bibi," alisema Faradji. Uongo. Macho yalikuwa kwenye kapitula. Lakini sasa yalimwona kweli: nywele zimesukwa kwa uzi mweusi, mwanya katikati ya meno, na hasira iliyompendeza kuliko hereni.

"Macho yalikuwa kwangu, basi mikono ilikuwa kwa nani?"

Wauza chumvi wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Lete nikifue," Faradji akasema.

"Kwa mikono hiyo? Si kitarudi kinanuka zaidi!"

"Basi niambie jina, nijue ninaomba radhi kwa nani."

"Omba kwa kikwembe. Mimi ni Emilienne wa Mama Cécilia, kule karibu na kanisa. Na siku za kazi niko kijitoni Kabondo na muhogo wangu. Usije."

Mtu hatajiwi mahali na siku halafu akaambiwa asije. Faradji alikwenda.

Amri ilikuwa wazi. Takataka zote za mji zipelekwe kwenye shimo la zamani la matofali, nyuma ya gereza, zimwagwe, zifunikwe udongo. Mwendo wa saa nzima kwa mkokoteni, na nusu yake ni kupanda. Ila njiani kulikuwa na ukingo unaotazama Kabondo moja kwa moja. Chini yake, kando ya maji, wanawake walikuwa wamechimba vidimbwi vya kulowekea muhogo mchungu. Unakaa humo siku nne, unalainika, sumu yake inatoka, ndipo unamenywa, unaanikwa na kutwangwa uwe unga wa bukari, ugali wa huku. Mtu akisimama pale ukingoni aliona kila kidimbwi, na kila mgongo ulioinama juu yake.

Siku ya kwanza Faradji alimwaga pale nusu ya mzigo tu, ili apate sababu ya kusimama. Siku ya pili akamwaga wote.

"Emiliennee!"

"Nani huyo analia kama mbuzi wa sikukuu?"

"Ni mimi! Nimeleta radhi!"

"Mbona radhi yako ina nzi? Wote wamenishukia huku!"

"Nimewatuma wakusalimie!"

Akacheka. Ubaya ulianzia hapo. Angemtupia jiwe siku ile, watu wengi wangepona.

Wasukuma mikokoteni wengine watatu waliona mwenzao anamaliza kazi mapema, nao wakaanza kumwaga palepale. Kapita Bulaimu, aliyekuwa msimamizi wao, aliona pia. Kupanda mpaka shimo la matofali kulimchosha hata yeye asiyesukuma kitu, akanyamaza. Miezi miwili haikwisha ukingoni pakawa na kilima: makopo, vitambaa vya vidonda kutoka hospitali, matandiko ya watu waliokufa, mabaki ya jikoni za wazungu na za weusi bila ubaguzi. Moto uliowashwa haukuzimika wala haukuwaka, ulifuka tu, na watoto wa mtelemko ule wakaanza kukohoa alfajiri. Panya walitembea mchana kama watu wenye barua ya ruhusa.

Na mapenzi nayo yakakua. Jioni Emilienne alipanda ukingoni akiwa amefunga kitambaa puani, wakasimama upande ambao moshi hauvumi.

"Weye mutu wa Wamaza, kabila la mbali, mulikuja huku kutafuta nini?"

"Kazi. Nikapata kazi na kichaa pamoja."

"Kichaa gani?"

"Kinaitwa Emilienne."

"Kina dawa?"

"Munganga amesema nikiishi nacho nyumba moja kitatulia."

"Mwambie munganga akaongee na Mama Cécilia. Na ahamishe jalala hili. Jana nimeokota kitambaa chenye damu kwenye kidimbwi changu."

"Nitahamisha, mpenzi."

"Lini?"

"Wiki hii."

Wiki ikapita, na nyingine. Pale kwenye matofali hakukuwa na Emilienne wa kutazama.

Mvua kubwa ilianza mwezi wa kumi. Ilinyesha siku mbili mfululizo, na siku ya tatu Faradji alipofika ukingoni alikuta kilima kimekatika nusu. Alitazama chini. Vidimbwi vilikuwa vyeusi, vinatoa mapovu. Alijua palepale, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba ashuke, apige kelele, awaambie wasiguse.

Hakushuka. Aliwaza gereza. Aliwaza uso wa Emilienne. Wanawake wakaja, wakatoa takataka kwa mikono, wakanung'unika, na kesho yake maji yakatulia yakawa meupe. Maji yakiwa meupe nani atayaogopa? Wakaloweka muhogo, wakajaza mitungi, wakaenda nyumbani. Siku ile Faradji alisukuma mkokoteni bila wimbo.

Ugonjwa ulianza na watoto. Tumbo linasokota, homa, kisha damu. Jumanne akafa mtoto wa seremala. Alhamisi akafa mtoto wa mpishi wa misheni. Mtaani watu walifunga milango jua likiwa kali. Kila mtu alisikiliza kikohozi cha jirani, kila mama alikwenda nyuma ya nyumba kutazama choo cha mwanawe kisha akarudi bila kusema. Grégoire, munganga wa hospitali, alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akiuliza umekula nini, umekunywa wapi. Walimjibu nusu nusu. Waliogopa ile nyumba ndefu yenye ua wa matete alikokuwa anawapeleka wagonjwa. Ilisemekana anayeingia kwa miguu hutoka ndani ya mkeka.

Na Emilienne hakuonekana kijitoni.

Siku ya kwanza Faradji alijiambia ana kazi nyumbani. Siku ya pili alijiambia amepata mwingine, labda Pacifique, fundi wa nguo, mwenye viatu vya kamba na pafyumu. Akamchukia Pacifique kwa moyo wote. Wivu ulimsaidia. Wivu unauma, lakini hauchimbi kaburi. Siku ya tatu wivu ukamwishia, ikabaki hofu tupu, akauacha mkokoteni katikati ya barabara na kukimbia mpaka karibu na kanisa.

Mama Cécilia alifungua mlango kidogo tu.

"Emilienne iko?"

"Weye nani?"

"Faradji."

"Yule wa kikwembe." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ingia upesi, funga. Wasijue iko na mugonjwa humu. Watamupeleka kwenye matete."

Emilienne alilala kwenye mkeka. Siku chache tu zilikuwa zimemla mashavu, macho yameingia ndani, midomo imekauka ikapasuka. Kile kikwembe cha manjano kilikuwa kimekunjwa chini ya kichwa chake.

"Umekuja na nzi wako?" alinong'ona.

Faradji alipiga magoti kando ya mkeka.

"Kiu ndiyo inamuua," Mama Cécilia akasema. "Nampa maji kila mara. Maji mazuri, ya Kabondo, nimeteka mwenyewe asubuhi." Akachota kwa kibuyu, akamwinua bintiye kichwa.

Kibuyu kilikuwa kimefika mdomoni Faradji alipokipiga kwa kiganja. Kikaruka, kikavunjika ukutani.

"Unafanya nini, mwendawazimu!"

"Asinywe! Mama, asinywe tena hata tone!" Akausukuma mtungi mbali na mkeka. "Maji yale nimeyatia uchafu mimi. Jalala la juu, mimi ndiye niliyeanza kumwaga pale. Tulipewa amri ya kwenda mbali, mimi sikwenda. Mvua imeshusha vyote. Vitambaa vya hospitali, vyote. Niliona, nikanyamaza."

Mama Cécilia alimtazama kama mtu anayetazama nyoka aliyelala naye kitanda kimoja.

"Ulinyamaza," alisema polepole. "Na mimi namunywesha kwa mukono wangu."

"Unipige baadaye. Sasa tumpeleke hospitali."

"Kwenye matete?"

"Mama, huku nyumbani atakufa."

Mama Cécilia alimpiga palepale, kofi moja, zito. Kisha akamsaidia kumpandisha Emilienne mgongoni.

Njia ilikuwa fupi, ikakataa kwisha. Emilienne alikuwa mwepesi mno, na wepesi ule ulimtisha Faradji kuliko mzigo wowote aliowahi kubeba. Kila hatua kumi alimwita.

"Emilienne."

"Mm."

"Jibu vizuri."

"Unanuka moshi."

"Endelea kunitukana."

"Nimechoka."

"Usichoke. Sema mimi mjinga."

"Mjinga," alisema. Hatua kumi mbele Faradji alimwita tena, hakujibu. Akakimbia.

Grégoire alimpokea mlangoni, akamgusa shingo, akaagiza vidonge na maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari. Alipogeuka alimkuta Faradji bado amesimama.

"Nenda."

"Chukua daftari, munganga. Andika."

Akasema yote: ukingo, mikokoteni, mvua. Grégoire aliandika mpaka mkono ukasimama.

"Unajua nikilifikisha hili kwa muzungu wa usafi utafungwa?"

"Andika jina vizuri lisikosewe. Kisha tuma mutu Kabondo. Vidimbwi bado vina muhogo, na watu watakula kesho."

Jioni ile polisi walisimama kijitoni, na mitungi ya mtaa mzima ikamwagwa. Ugonjwa ukapungua kama moto uliokosa kuni. Faradji alifungwa miezi mitatu. Kapita Bulaimu alihamishiwa Kabambare, kwa kupandishwa cheo, wakasema.

Wafungwa ndio waliohamisha jalala. Faradji alikuwemo, kichwa kimenyolewa, amevaa jezi ya mistari, anabeba kwa kikapu uchafu alioleta kwa mkokoteni. Alijua kutoka kwa walinzi kwamba Emilienne amepona. Zaidi ya hapo hakujua kitu, na kila siku aliogopa mambo mawili: kwamba hatakuja, na kwamba atakuja.

Alikuja mwezi wa pili wa kifungo, pamoja na wanawake waliokuwa wanachimba vidimbwi vipya juu zaidi kwenye kijito. Mlinzi akageuka kuwasha tumbaku. Emilienne alisimama hatua tano mbali. Alikuwa amekonda bado, amefunga kikwembe cheusi.

"Kwa nini pale?" aliuliza. "Mutelemko wote huu. Kwa nini ulimwaga pale?"

"Nilitaka kukuona."

"Ungekuja mlangoni! Mlango wetu una kufuli?"

Faradji aliweka kikapu chini.

"Watoto wawili, Faradji. Mama wa yule wa seremala ni rafiki yangu. Nimutazame vipi, nikijua mwanawe alikufa kwa sababu ulikuwa unanitazama mimi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui." Alijifuta uso kwa kiganja, akajipaka udongo. "Ukitoka, nenda kwao kwanza. Kabla ya kwetu. Wakikutemea mate, simama."

"Kabla ya kwenu?" alisema Faradji. "Basi kwenu naruhusiwa kuja?"

"Mutu akishaumwa na njaa ya jela anasikia anachotaka," alisema Emilienne, akaondoka. Lakini alikuwa ameuma mdomo, kama mtu anayezuia kitu kisimtoke.

Faradji alipotoka gerezani alikwenda kwa seremala. Seremala alimtemea mate. Faradji alisimama. Akaenda kwa mpishi wa misheni, ambaye alifunga mlango, na mke wake akalia nyuma ya mlango ule kwa muda mrefu. Faradji alisimama hapo pia, mpaka kilio kikaisha.

Jumapili iliyofuata alifika kwa Mama Cécilia, amevaa kanzu aliyoazima, na mzee mmoja wa Wamaza wa kumsemea posa. Mjomba André alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti kikubwa. Alikuwa mchinjaji wa mbuzi pale sokoni, tumbo lake limetangulia, na maneno yake yalikuwa tayari.

"Mimi ndiye mjomba, mimi ndiye nasema. Huyu si dini yetu. Huyu si mutu wa hapa. Hayo ningemeza. Lakini huyu alitia mauti ndani ya maji ya mji. Alifungwa! Watu watasema nini? Kwamba tumemupa mutoto wetu mufungwa wa takataka?"

Mama Cécilia alitazama sakafu. Faradji alijua kwamba kila neno ni kweli, na hofu yake ya miezi yote ikamkaa kifuani, nzito, ikingoja.

"Nauliza," André akapaza sauti, "kuna mutu humu anaweza kunijibu?"

Emilienne alitoka chumba cha ndani na kusimama mbele ya kiti kikubwa.

"Mjomba," alisema, "kwenye mkokoteni ule kulikuwa na matumbo ya mbuzi wako kila siku, na hukuuliza hata mara moja yanakwenda wapi. Faradji alifungwa kwa takataka zake na zako. Yeye ametoka. Wewe unaingia lini?"